Mbuzi wa Okeny

Benchi letu liko Nateete, nyuma ya steji ya teksi, ubavuni mwa jiko la Habibah, anayeuza kahawa bila sukari maana sukari tumeisahau hata sura. Tunakaa watatu. Profesa aliwahi kufagia chuo kikuu. Redio ni Anselme, fundi cherehani kutoka Bukavu, mwenye gramafoni. Mimi wananiita Mkalimani, kwa kuwa wimbo haupigwi nisieleze maana yake iliyofichwa. Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu watu wa miwani nyeusi wamtie mwimbaji wetu Okeny kwenye buti la gari, pale pale stejini. Hatukuwa na la kumsaidia, basi tukabishana juu ya santuri zake mbili.

— Ile ya kwanza njo ilimuinua, alisema Redio. *Barua kwa Amito*. Gitaa moja na mapenzi tupu. Wanamuke walilia hapa mpaka jiko ikazimika.

— Wacha, ssebo! Profesa akadakia. Ile alikuwa anajifunza. Santuri ni *Mbuzi wa Nyumbani*. Haba na haba hujaza kibaba: wimbo moja tu, ikajaza Uganda mzima.

— Na mwenyewe iko wapi?

— Punguza sauti.

Mdomo wangu haujui kukaa.

— Lakini ile mbuzi si mbuzi, nikasema. Inakula maharage ya jirani, inakula mkeka, mwisho inakula kamba yake. Nani hapa anakula kila kitu?

— Banange, Mkalimani! Basi jirani ni Wahindi waliofukuzwa, akanong'ona Profesa.

— Mukeka ni benki, akasema Redio. Na kamba ni jeshi. Ataikula jeshi yake mwenyewe!

— Na ile mee-mee ya kiitikio ni hotuba!

Tukacheka, kicheko cha woga, kikakatika chenyewe. Habibah hakucheka.

— Mlicheka hivi hivi siku ile ya kwanza ya wimbo huo, alisema. Steji yote ilisikia.

Hapo akaja mwanamke mwenye vumbi la safari hadi kwenye nyusi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Profesa, akimpisha.

— Mimi ni Laker, dada ya Okeny. Nimetoka Gulu.

Hakukaa. Alifungua leso, akatoa kengele ndogo ya bati.

— Hii ni ya ile mbuzi. Mimi ndiyo nilikuwa nachunga yeye. Alikula maharage ya jirani, na mkeka ya mama, na kamba. Okeny aliimba vile aliona tu. Nimefika kambini kwa jeshi, pale wamefunga yeye, nimeonyesha askari wa geti. Amesema nilete yule mtu alianza kusema mbuzi ni yule mkubwa wa nchi. Akiungama alikosea, labda wataachia ndugu yangu.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Nani alianza kusema?

Redio akashika vidole vyake vya sindano. Profesa, mwenye methali kwa kila kitu, akafuta benchi kwa kiganja. Habibah alikuwa ananitazama mimi. Jibu nilikuwa nalo, na nilimpenda Okeny, Mungu anajua. Nikainamia kikombe.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

Laker aliifunga kengele ndani ya leso, taratibu, isilie, akarudi kambini peke yake.