Mama Lalao na Rafu za Kiingereza

Tarehe 31 Julai, Mama Lalao Ravaonirina anaiaga maktaba ya chuo chetu hapa Fianarantsoa baada ya miaka thelathini na mitatu. Vitabu vyote vya sarufi ya Kiingereza, isimu na falsafa mnavyoviona ghorofa ya pili, yeye ndiye aliyevichagua. Nilikusudia kuandika hayo na mengine ya kawaida. Ikaja Alhamisi ile ya mwezi Mei, na mpaka leo mimi, niliyekaa naye meza jirani miaka kumi na tisa, sijatulia.

Alianza kazi chumba cha kujalidi, akishona vitabu vilivyochanika. Nafasi ya kuchagua vitabu ilipotangazwa, wakubwa walimuuliza kwa Kifaransa kama anavijua vitabu vya Kiingereza. Akajibu kwamba anavijua. Basi, akapewa.

Alhamisi hiyo alikuja mgeni kutoka ng'ambo na msaada wa vitabu. Akamgeukia Mama Lalao, akamuuliza jambo refu kwa Kiingereza. Mama Lalao akamsogezea kiti. Profesa Harimanana, mkuu wa idara ya Kiingereza, akamnong'oneza Mama Lalao amjibu mgeni.

"Simwelewi, Profesa," akasema. "Kiingereza sikijui. Sijawahi kukijua."

Kalamu ilinitoka mkononi, sikuiokota.

Kamati ikaitishwa. Wapo waliotaka aondolewe kabla ya kustaafu, bila hata kuagwa. Alipoitwa ajieleze, alisema kwamba nakala ya sampuli ya kila kitabu kilichopendekezwa aliwapa wanafunzi watatu wakae nayo wiki mbili. Kisha alimwalika kila mmoja peke yake, akampakulia wali, akamtaka amweleze kwa Kimalagasi alichokisoma. Kitabu ambacho wasomaji wake waliweza kumfafanulia bila kukifungua, alikiagiza.

Nikapigwa na butwaa mara ya pili, maana enzi za uanafunzi wangu nilikuwa mmoja wao. Miaka yote hii nilidhani ananipima mimi, kumbe alikuwa anakipima kitabu.

Maprofesa waliipitia orodha yake siku tatu wakitafuta makosa. Vitabu vya kuondoa walipata vinne. Ila walikuta pia kadi ya kitabu cha sarufi alichoandika Profesa Harimanana mwenyewe, kimekataliwa mara mbili. Profesa aliisoma kadi akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Mama, ukurasa gani uliwashinda?"

"Wa tano."

"Huo tu?"

"Hakuna aliyefika wa sita, Profesa."

Tulidhani atawaka. Badala yake aliiambia kamati kwamba Mama Lalao akiondolewa, naye anaondoka. Hoja ikafia hapo hapo.

Wiki iliyopita Profesa alimletea Mama Lalao sura ya kwanza ya kitabu chake, ameiandika upya. Wanafunzi watatu wameisoma yote. Mama Lalao amekula nao mmoja mmoja, akawauliza kiima ni nini hasa, akapata majibu matatu yasiyofanana. Amemrudishia Profesa aiandike tena.

Mama Lalao, asante kwa wali, na kwa kutusikiliza wote mpaka mwisho wa sentensi. Huko Ambositra unakokwenda, upate afya, usingizi mzuri na watu wa kukusimulia mambo. Sisi hapa, tukipona mshtuko, tutakuja kukuona.