Uvimbe Uliolala Bapa

Wapendwa, amani iwe kwenu wote, nyinyi wa viti vya mbele na nyinyi mnaojibanza kule karibu na mlango. Mnanijua. Mimi ni yule mama anayeuza matumbo ya ng'ombe pale sokoni Base Camp, katika kambi yetu hii ya wakimbizi. Wengine mnanitambua kwa harufu kabla hamjaniona, wala sikasiriki, maana harufu hiyo imelisha watoto wanne tangu tutoke Kivu ya Kusini.

Mnakumbuka pia kwamba mwaka jana nilisimama hapa hapa nikasema Mungu ameniponya. Mlipiga vigelegele, mkacheza mpaka vumbi likapanda. Ndugu zangu, leo nimekuja kuusahihisha ule ushuhuda. Niliutoa mapema mno.

Ilianza na damu chooni. Nikasema ni minyoo. Nikasema ni bawasiri. Nikanywa majani machungu miezi mingi, nikanyamaza kwa haya. Ajabu, mtu ambaye mikono yake inashinda ndani ya matumbo ya ng'ombe anaona aibu kutaja tumbo lake mwenyewe! Nilikonda mpaka sketi ikawa inazunguka kiunoni. Nesi wa kliniki hapa Base Camp ndiye aliyeniambia bila kunizungusha: "Mama, hapa hatuna mashine ya kuona ndani. Enda hospitali ya Mbarara."

Kule wakaniingiza mpira mrefu wenye kamera. Sitawaeleza uliingilia wapi, mko na akili. Munganga, daktari wa pale, akaona vitu viwili kwenye utumbo mpana. Kimoja kikubwa, kimesimama juu ya shina kama uyoga, na ndicho kilichokuwa kinatoa damu. Hicho akakikata pale pale. Cha pili kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati, kimelala bapa ukutani, kimebonyea katikati. Hicho akakinyofoa kipande tu, akasema kinakwenda maabara.

Damu ikakoma. Nikarudi nyumbani, na Jumapili nikasimama mbele yenu.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu nirudi. Munganga akanichorea kwenye karatasi ukuta wa utumbo na vile vitu viwili. "Mama, hii kubwa haikuwa kansa. Hii kidogo ndiyo kansa. Iko naingia ndani ya ukuta."

"Dokta, umechanganya karatasi," nikamwambia. "Ile kubwa ndiyo ilikuwa inatisha."

Akatabasamu. "Iko zile zinasimama. Mara mingi hizo zinachelewa kuingia ndani. Iko na zile zinalala, hizo zinapenda kuchimba. Si kila siku, na sura peke yake haitoshi, ndiyo maana tulipima. Lakini hii yako inachimba. Tupasue haraka."

Nikakubali kwa mdomo. Moyoni nilisema siendi. Nawaambia ukweli, sikuogopa kisu. Niliwaogopa nyinyi! Nimeshashuhudia uponyaji mbele ya kanisa zima, sasa nikirudi kupasuliwa watu watasema nini? Watasema nilidanganya, au watasema Mungu ameshindwa. Siku niliyopangiwa ikafika, mimi nikaamkia sokoni.

Asubuhi hiyo nilikuwa nageuza utumbo wa ng'ombe, naukwangua kwa kisu. Nikakuta kinundu kinaning'inia. Hivyo nimevizoea, unakata na utumbo unabaki mzima. Mbele kidogo vidole vyangu vikagusa fasi moja, mahali pagumu, bapa, pana kama ukucha. Nikaikwangua taratibu. Kisu kikatokea upande wa pili. Nikabaki natazama lile tundu. Miaka yote hii vidole vyangu vilikuwa vinalijua jambo lile lile nililombishia munganga. (Msiogope, ule utumbo sikuuza. Niliutupa.)

Nikaanza kulia pale mezani. Jirani yangu, dada Mrundi anayeuza unga wa muhogo, Mkatoliki wa rozari mkononi, akaja kuuliza. Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo dada, unataka kufa ili usipate aibu kanisani?" akasema. "Na siku ya kukuzika utawashuhudia nini?"

Nilicheka huku machozi yanatoka. Akafunika meza yangu kwa turubai, akafunika na yake, tukapanda gari la Mbarara mimi nikiwa bado na aproni yenye damu. Watu wa hospitali hawakunigombeza. Wakanitafutia nafasi wiki ile ile.

Walikata kipande cha utumbo, wakaziunga ncha mbili. Majibu yalipotoka, uvimbe ulikuwa umechimba ukuta lakini haujatoka nje yake wala haujafika kwenye tezi. Munganga akaniambia kama ningengoja mavuno mawili ya maharage, tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa.

Namshukuru Mungu, na nawashukuru aliowatumia: nesi ambaye hakunificha, munganga aliyechukua kalamu akachora, na dada yangu wa unga ambaye leo amekuja kusali na sisi. Ameketi pale, anajifanya hanijui. Nawashukuru pia akina mama wa kanisa hili mlionichotea maji kidonda kilipokuwa kibichi. Niliwaogopa bure.

Ninachowaachia ni hiki: damu ikikoma, usijipe mwenyewe majibu ya maabara. Kinachotisha macho kinaweza kuwa chepesi, na kile kidogo kilichonyamaza kikawa ndicho kinachochimba. Na kama yuko hapa mwenye dalili kama zangu na anaona haya, aje mezani kwangu. Hakuna unachoweza kuniambia kuhusu utumbo kikanishtua.

Kesho Jumatatu sitakuwepo sokoni. Nina siku ya kupimwa tena, na baada ya hiyo ziko nyingine. Mkiikuta meza yangu imefunikwa turubai, msiseme imani ya mama huyu imepungua. Semeni, "Safari hii ameenda."