Ferdinandi Nibitanga na Uwanja wa Saa Saba Mchana

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Ferdinandi Nibitanga, Mtunza Uwanja wa Kituo cha Michezo Msafara hapa Kanyenye, Tabora, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kwa hesabu yake mwenyewe, ameipaka rangi mistari ya uwanja wa kikapu mara sitini na tatu. Hatuna sababu ya kumbishia, maana hakuna mwingine aliyekuwa akihesabu.

Alizaliwa Burundi mwaka 1965 na kuletwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu na wazazi wake akiwa na miaka saba. Alisoma huko hadi darasa la saba, kisha akajifunza uashi kwa mapadri. Machi 1994 alikuja mjini kama kibarua wa kumwaga zege la uwanja huu. Kazi ilipokwisha wenzake waliondoka, yeye akaambiwa abaki siku mbili tatu kulimwagilia maji lisipasuke. Siku hizo mbili tatu ndizo zinazokwisha leo.

Mwaka 1999 yalianza Mashindano ya Mwaliko ya Misafara, ambayo kila mwisho wa Septemba hukutanisha timu za wanaume na wanawake kutoka Bujumbura, Kigali, Kampala, Lubumbashi na za kwetu. Ferdinandi hajawahi kufunga kikapu hata kimoja mbele ya mashahidi, lakini vipimo vya mchezo huu anavijua kuliko makocha wengi. Anapimia kwa kamba ya katani yenye mafundo. Mstari wa pointi tatu uliposogezwa nyuma, yeye aliongeza fundo moja tu. Kocha mmoja wa Kampala aliyekuja na futi yake ya chuma kuhakiki mistari alirudisha futi mfukoni na kuomba chai.

Sheria yake ilikuwa moja: rangi ikishapakwa, kwa siku nne hakanyagi mtu na viatu, awe nani. Mgeni rasmi mmoja aliwahi kuvua viatu mbele ya kamera, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Tangu siku hiyo wageni rasmi wetu huja na soksi mpya.

Sasa nieleze jambo ambalo halimo katika cheti chake chochote. Uwanja wetu hauna taa, kwa hiyo saa nzuri ya kuchezea ni moja tu, saa kumi jioni, jua likishapoa. Kwa miaka kumi na mitatu saa hiyo ilikuwa ya wanaume. Wanawake walicheza saa saba mchana, fainali yao pia. Anayeijua Tabora ya Septemba anajua saruji ya saa saba inavyokuwa. Mchezaji akianguka, viganja na magoti vinaota malengelenge.

Mwaka 2011 alianguka nahodha wa timu ya wanawake ya Bujumbura, Irankunda. Ferdinandi ndiye aliyempeleka zahanati, kwa kuwa alihitajika mtu wa kumkalimania Kirundi. Wakiwa kwenye foleni, dada huyo alimuuliza kwa nini wanaume wetu hawachezi saa ile. Mwaka uliofuata Bujumbura waliandika kuwa hawaleti tena wanawake saa ikibaki ile ile, Kigali wakaunga mkono. Kamati ya Kituo, badala ya kubadili saa, ikaanza kuzungumzia kufuta kombe la wanawake. Ferdinandi aliomba mara tatu asikilizwe. Alijibiwa kwamba mtunza uwanja si mjumbe.

Kila mwaka, Alhamisi ya wiki moja kabla ya mashindano, Kamati hukagua uwanja saa mbili asubuhi. Mwaka 2012 Ferdinandi alileta taarifa kwamba rangi haijakauka, waje saa saba. Wajumbe saba walifika, wakavua viatu kama ada, na soksi pia zisishike rangi, wakaingia. Yeye mwenyewe, miguu peku, aliwatembeza taratibu kama mtu anayesoma risala, akaeleza mstari mmoja baada ya mwingine, upana wake na umri wa rangi yake. Kufikia mstari wa mitupo huru, wajumbe walikuwa wakisimama kwa mguu mmoja mmoja. Mwenyekiti wetu wa wakati huo, Mzee Octavian, akaomba maelezo yaliyobaki yatolewe kivulini.

Ferdinandi akamjibu kwa adabu: "Mwenyekiti, hii ni robo ya kwanza tu. Akina dada wanacheza nne."

Mjadala wa jioni hiyo ulikuwa mfupi kuliko wote niliowahi kuuandikia muhtasari. Kombe halikufutwa. Fainali ya wanawake ilihamishiwa Jumamosi saa kumi jioni, ya wanaume ikabaki Jumapili saa hiyo hiyo. Bujumbura walikuja, Kigali wakafuata.

Jumatatu baada ya fainali, Ferdinandi alipewa barua ya onyo kwa kuidhalilisha Kamati. Niliichapa mimi. Nilijua ni uonevu, na bado niliichapa bila kukosea hata nukta. Jina lake lilipendekezwa mara tatu kuwa Mfanyakazi Bora wa Mei Mosi, na mara tatu likaondolewa kwa sababu ya barua hiyo, faili lilipofunguliwa. Hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo limenichoma miaka yote hii.

Mwezi uliopita Kamati ya sasa iliamua kuifuta barua hiyo na kuiondoa kwenye faili. Nilimkimbilia na habari hiyo nikitarajia shukrani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakataa.

"Iache, Mama Modest," aliniambia. "Vyeti vyenu vyote vinasema nilipaka rangi. Ni barua ile tu inayosema nilifanya nini."

Basi barua imebaki, na nakala yake ameichukua nyumbani kwake Itetemia, anakokwenda kulima karanga na kulea wajukuu. Mimi namwomba radhi hapa, kwa maandishi, mbele ya wafanyakazi wote.

Asante kwa kazi, Ndugu Ferdinandi. Tunakuombea afya, mvua za wakati na mapumziko marefu. Nafasi yako jukwaani imetengwa, upande wa kivuli. Fainali ya wanawake mwaka huu ni Jumamosi tarehe 27 Septemba, saa kumi jioni.

Advera Fikiri
Katibu wa Kituo