Tumainieli na Nusu Saa ya Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni asogeze redio karibu, aliye dukani apunguze maneno. Leo tunamkumbuka Tumainieli, mwana wa Bombo, yule mliyezoea kumwita Sindano za Umeme. Tumainieli ametutoka. Amefia chumbani kwake hapa Same mjini, peke yake. Jirani alishtuka kesho yake, kwa sababu redio ya mle ndani ililia mchana kutwa na hakuna aliyeigusa. Madaktari wanasema ni moyo.

Wengi mlimjua kwa umbea tu. Nami umbea naupenda, ila leo tuseme yaliyo kweli.

Tumainieli alisoma China miaka mingi. Alichosomea ni presha. Kisogoni, wasikilizaji, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, pana shina la ubongo. Ndani ya shina hilo kuna seli za neva zinazoiamuru mishipa ya damu ibane. Zikizidisha amri, presha inapanda. Kule maabara walikuwa wakizisikiliza seli hizo kwa spika, za panya waliolazwa usingizi. Alinisimulia tukinywa chai ya tangawizi: “Zinalia tak-tak-tak-tak, kaka. Unachoma sindano nyembamba mguuni, unapitisha umeme kidogo sana. Husikii tofauti. Unangoja. Halafu zinaanza kupoa. Tak... tak. Ukizima umeme, bado zimetulia kwa muda.”

Nikamwambia, hapo umeniacha. Akacheka. “Chukulia mtu anayepuliza baragumu la msaragambo, la kuita watu kwenye kazi ya kijiji, kutwa nzima. Kijiji kizima kimeshika majembe, hakuna anayeketi. Sindano haimuui huyo mpulizaji. Inampelekea ujumbe kwamba watu wamechoka, ashushe baragumu.”

Na hakuficha kitu. Alisema sindano hazimsaidii kila mtu, na hakuna kuacha vidonge. Hakuna kuacha vidonge! Kwa hilo alipoteza wateja waliomfuata kwa sindano chumbani kwake hapa mjini, maana watu walitaka kuambiwa wamepona.

Sasa twende Bombo. Mama yake, Mama Priska, ana presha ya siku nyingi. Kila Jumamosi Tumainieli alipanda gari la kupitia Kisiwani na Gonja, akapandisha mlima na sindano zake na kimashine chake cha umeme. Alitaka kumtibu mama, na pia kuandika vipimo vyake kwa ajili ya utafiti aliouota miaka yote, wa pamoja na wenzake wa China. Vipimo vilihitaji nusu saa ya ukimya. Maongezi yanapandisha presha, alisema. Basi akafunga mlango.

Mchana! Wapare wenzangu mnanielewa. Mlango wa mchana ukifungwa na watu wamo ndani, ama kuna msiba, ama kuna ugomvi. Na nyumba ya Mama Priska ndiyo ilikuwa baraza la kinamama wote. Jenifer, jirani yake wa tangu ujana, akabisha hodi na bakuli lake la makande.

“Shikamoo mama,” Tumainieli akamwambia mlangoni. “Naomba urudi baadaye kidogo.”

“Marahaba. Nirudi wapi? Nimeshafika.”

“Mama anapumzika na mashine.”

“Anapumzika na mashine, mimi ananikimbia?”

Jenifer akageuka na bakuli lake. Hakurudi. Jumamosi nyingine hakuja mtu. Baadaye hata Jumatatu hakuja mtu. Wengine walisema Mama Priska anafungwa nyaya ili atoe siri za mashamba. Presha ilishuka, wasikilizaji. Si sana, lakini ilishuka, na Tumainieli alifurahi kama mtoto. Mpaka siku mama alipomwambia: “Tuma, presha umeituliza. Na mimi umenituliza kama kaburi.”

Irine, dada yake anayefanya kazi Mwanga, anasema kaka yake aliinuka pale pale. Alitoka akapita nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Kila nyumba akawekewa makande, na kukataa hakuweza. “Alirudi anatembea kama mjamzito,” anasema Irine.

Kinamama wakarudi. Mlango ukaachwa wazi. Waliahidi kunyamaza ile nusu saa. Jenifer mwenyewe anakiri: “Tulijaribu. Lakini mtu anakuja na habari ya ndoa imevunjika, utanyamazaje?” Mama Priska akawa anacheka na sindano zake mguuni. Vipimo vikaharibika kabisa. Tumainieli akawaandikia wenzake wa China kwamba sehemu yake ya utafiti haifai tena. Kazi ya miaka, akaiachia pale ili mama apate wageni.

Lakini yeye nani alimtembelea? Chumba chake hapa mjini kilipata wagonjwa, hakikupata wageni. Watu walikuja na presha zao, wakaondoka nazo. Jioni upepo wa Same unapiga mabati, yeye na redio.

Mazishini Bombo ilijaa hadi shambani. Mama Priska aliangalia ule umati, akaniambia taratibu: “Nilikuwa nataka watu. Wamekuja wote. Sasa namtaka mmoja.”

Tunawapa pole Mama Priska, Irine na ukoo mzima. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji, mezeni vidonge vyenu. Na mfikirieni yule anayeishi chumba cha peke yake hapo mtaani kwenu, yule mnayemwendea mkiwa na shida tu. Mbishieni hodi bila shida yoyote.

Jambo la mwisho. Irine amesharudi kazini Mwanga. Kesho Mama Priska anatakiwa zahanati kupimwa presha, na njia ile ina utelezi. Aliyekuwa akimshika mkono hayupo. Kinamama wa Bombo, mnanisikia? Nani anaenda naye?