Televisheni ya Mzee Asiyeona

Mama aliyekaa jirani yangu kwenye basi alidai kuwa baba mkwe wake, ambaye haoni, amenuna siku tatu tangu waondoe televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, na kumletea bapa. Hiyo bapa alikuwa ameipakata ndani ya boksi lake, anairudisha dukani.

"Dada, kioo kizuri hivyo?" akauliza fundi rangi wa kiti cha pili, mwenye rangi nyingi kwenye suruali kuliko ukutani.

"Kioo cha nini, kaka? Mzee anasikiliza mpira. Spika za hii ziko mgongoni, zinaongea na ukuta. Nataka ya chogo."

"Si ununue spika ya pembeni?"

"Tulimwekea. Akaigeuzia kiti, wageni wakapewa mgongo."

Fundi akacheka. "Chogo haziuzwi tena. Nyumbani ipo moja, nzima, lakini mama yangu hataki hata niifute vumbi."

Nadhani alijuta papo hapo, maana mama, na boksi lake lote, alishamgeukia.

"Shemeji," akaitwa, undugu umeanza, "nipeleke kwa mama. Tutaelewana."

Basi likasimama. Fundi akatazama boksi, kisha mlango.