Hezron Mwakalobo, Aliyewanywesha Wanafunzi Chai Waliyoiunguza

Ndugu waombolezaji, mila inakataza kumsema vibaya marehemu, walio hai haikuwataja, basi tusikilizane.

Kaka yetu Hezron alizaliwa tarehe 3 Mei 1941 kijijini Kisiba, mtoto wa tatu wa mzee Andrea Mwakalobo, akasoma hapohapo na baadaye Tukuyu, akajifunza umeme Dar es Salaam, akamwoa Atupele mwaka 1970, wakajaliwa Prisca na Nelson, na tangu 1972 alifundisha mitambo katika chuo cha kilimo ambacho wakuu wake ndio hawa waliokalia viti vya mbele.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa miaka ya themanini na viwanda vya chai vikatafuta watu wa kuendesha mashine za kukaushia majani, wafadhili walikiletea chuo mtambo wa kufundishia, mzuri kweli, mabwana hawa wakaufungia ofisini na kuuvika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, wanafunzi wasiuchafue, vijana wakahitimu kwa kuchora swichi daftarini, wakafika viwandani wakiogopa hata kubonyeza kitufe. Ndiyo elimu hiyo.

Marehemu, ambaye hakujaliwa kipaji cha kuficha dharau, akaunda wake kwa sanduku la bati, feni ya gari bovu na kile kidude cha pasi kinachokata umeme joto likizidi, kisha akaunda mingine kama huo. Mwanafunzi alitia majani ya chai, akapanga joto kwa mkono wake mwenyewe, na akiyaunguza aliyanywa, kikombe kizima, bila sukari.

Mwaka 1993 mkuu wa chuo alisema makopo yale yanawatia aibu mbele ya wageni, akaamuru yatupwe, na Hezron akapunguzwa kazi. Akayabeba hadi barazani kwake Bulyaga, wanafunzi wakamfuata huko kila jioni.

Mapafu yalimsumbua tangu Januari 1997, akafariki tarehe 9 Agosti hospitalini Mbeya, akiuliza hadi mwisho vijana watajifunzia wapi.

Jana chuo kiliomba masanduku hayo yakawe kumbukumbu ofisini kwa mkuu. Atupele amekataa. Yatabaki barazani, Prisca atafundisha kuanzia Jumatatu.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Bulyaga, fundi Salimu aliyemtafutia pasi mbovu, na wafanyakazi wenzake, hasa waliokuwa wakija kumwona kwa kupitia mlango wa uani.

Pumzika kwa amani, kaka, vijana wako watayashika masanduku yako kwa mikono yao.