Mwalimu Edwin Oboth Hakuuza Damu ya Mtu

Mwalimu Edwin Oboth alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Rubongi, Tororo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Matayo Oketcho na marehemu Mama Apendi. Mama huyo alifariki mwaka 1978 akijifungua, kwa kukosa damu ya kuongezewa. Anayetaka kujua chanzo cha kazi ya Mwalimu aanzie hapo, asianzie kwenye uvumi wa kilabuni.

Alisoma shule ya msingi Rubongi na sekondari mjini Tororo, kisha akahitimu ualimu wa Biolojia mwaka 1989.

Mwaka uliofuata alianza kufundisha sekondari karibu na Majanji, kando ya ziwa, na huko ndiko alikoanza kuwahimiza wanafunzi kuchangia damu kwa hiari. Watoto wa wavuvi waliogopa. Msichana mmoja, Roselyn, alimuuliza, "Mwalimu, damu yangu ikiingia kwa kijana wa Tororo, si atakuwa ndugu yangu? Nani atanioa?"

"Maziwa ya ng'ombe unakunywa kila siku," akamjibu. "Umeota pembe?"

Siku ya kwanza alijitolea yeye mwenyewe mbele ya shule nzima. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, naye, Mkatoliki wa kweli, alikuwa amefunga. Alipoinuka, akaanguka. Wanafunzi waliruka ua. Muhula uliofuata alirudi na sufuria ya uji, akanywa kwanza, akatoa, akasimama. Roselyn alikuwa wa pili. Ameolewa Tororo, na yuko hapa msibani leo na mumewe.

Mwaka 2004 alihamia Tororo mjini. Wanafunzi wa mjini hawakuogopa kugeuka ndugu. Waliogopa kupimwa Ukimwi, ila hawakusema.

"Ticha, kesho nina mtihani," mwanafunzi mmoja, Paddy, alizoea kusema.

"Paddy, kila siku ya damu una mtihani, na bado unashika mkia!"

Kabla ya kuhamia mjini, tarehe 17 Desemba 1994, alifunga ndoa mjini Busia na Benedeta Nerima, mwalimu wa Kiswahili. Mke huyu ndiye aliyempikia chai kabla ya kila safari ya damu, na ndiye aliyempokea akirudi. Alirudi na vumbi na njaa. Hakurudi na pesa ya mtu.

Julai 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Ndipo maneno yakaanza: kwamba amekauka kwa kugawa damu, kwamba alikuwa akiiuza ng'ambo ya mpaka, Kenya. Baadhi ya waliosema hayo ni wa ukoo wake, na walipoombwa damu kwa ajili yake walikuwa na safari. Waliokuja kumchangia ni wanafunzi wake wa zamani, wa Majanji na wa mjini, Paddy akiwa miongoni mwao. Saratani ilimshinda tarehe 9 Februari 2025.

Familia haikuomba maua. Chini ya hema la pili kuna wauguzi, vitanda na uji. Aliyelala wa kwanza kutoa damu asubuhi ya leo ni mjane wake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, akiwa amesimama. Mwenye shaka juu ya jina la Mwalimu apite pale mchana kweupe, sio kunong'ona kwa jirani.

Ameacha mjane, Benedeta, watoto Tracy, Opendi na Ritah, wajukuu, na watu asiowajua ambao wangali hai.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Jina lako tunalo sisi.